Kuongeza nafasi kwenye Steam Deck ukiwa Nairobi: kadi, SSD na vifaa vya kando

Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya kuchezea gemu, yangu ni ile ya GB 64, toleo la kwanza la mwaka 2022, na ilifika Nairobi katikati ya nguo za binamu yangu aliyekuwa anakuja nyumbani likizo. Valve, kampuni inayokitengeneza, haiuzi kifaa hiki rasmi hapa Kenya, kwa hiyo nyingi zilizoko mjini zimekuja hivyo hivyo: kwa begi la mtu, au kwa muuzaji aliyejiagizia. Maana yake ni kwamba ukikiharibu hakuna kaunta ya kukirudisha. Unabaki wewe, bisibisi yako na fundi wa kubahatisha. Ndiyo maana hapa chini nitakawia kwenye mambo mawili matatu ambayo watu huyaruka, kisha nipite haraka kwenye yale ambayo hata ukikosea hayana hasara.

Ushauri wangu wa kwanza ni wa mfuko. Usianze na SSD, yaani diski ya ndani ya kuhifadhia. Anza na memori kadi nzuri, ukae nayo mwezi mmoja, ndipo uamue kama kweli unahitaji kufungua kifaa. Wengi niliowasaidia hawakufika hatua ya pili.

Jua kinachokula nafasi

Gemu moja kubwa ya siku hizi inaweza kumeza GB 100 hadi 150. Hilo kila mtu analijua. Kisichojulikana sana ni kwamba hata ukiweka gemu zote kwenye kadi, mfumo bado unahifadhi vitu vingine kwenye diski ya ndani: faili za kuharakisha picha, na mafaili ambayo gemu za Windows huhitaji ili zifanye kazi kwenye Linux. Kwa mwenye GB 64, haya peke yake yanaweza kujaza diski huku kadi ina nafasi tele. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi, utazame kile kipande kilichoandikwa "Other". Kikiwa kinazidi kunenepa kila wiki, kadi itakusaidia kwa muda tu, na dawa yako hasa ni SSD. Kama una GB 256 au 512, kadi inatosha kabisa.

Usishangae pia ukinunua TB 1 halafu kifaa kikuonyeshe kama 931. Hujaibiwa. Watengenezaji huhesabu kwa elfu elfu, kompyuta huhesabu kwa 1,024.

Kadi, na jinsi ya kutouziwa upepo

Tundu la kadi la Steam Deck ni la kiwango cha UHS-I, ambacho mwisho wake ni MB 104 kwa sekunde. Kwa hiyo kadi za bei ghali zenye safu mbili za vidole vya shaba mgongoni, zile za UHS-II, ni pesa ya bure hapa. Tafuta yenye alama ya U3 na A2, au A1 ikikosekana. Herufi A ndiyo muhimu kwa gemu, kwa sababu inapima kadi inavyosoma vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika, na gemu husoma namna hiyo. Kasi kubwa iliyoandikwa kwa wino mwekundu kwenye pakiti ni ya kunakili faili moja refu.

Shida ya Nairobi si alama, ni kadi feki. Kadi feki ya GB 512 mara nyingi ni ya GB 32 au 64 iliyochezewa kidhibiti chake ili iseme uongo. Ukiichomeka itaonyesha 512 bila haya. Utaweka gemu ya kwanza, itacheza vizuri. Ya pili, sawa. Ukipita uwezo wake wa kweli, inaanza kuandika juu ya vilivyokuwepo au kuvitupa tu, na wewe utadhani gemu ndiyo mbovu, uifute, uipakue tena, bando liishe.

Siku niliyokwenda kununua yangu mtaa wa Luthuli, muuzaji aliniwekea kadi juu ya kioo na kuniambia, "Bosi wangu, hii ni orijino. Ukiona shida yoyote rudi, mimi niko hapa kila siku." Nikamwambia sawa, lakini aniandikie kwenye risiti: GB 512, isipojaa pesa inarudi. Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwake. Akaitazama risiti, akanitazama mimi, akairudisha ile kadi chini ya kioo na kuvuta droo ya nyuma. "Basi chukua hii. Ni mia nane zaidi." Hiyo ya droo ndiyo ninayotumia hadi leo.

Kwa hiyo risiti kwanza, yenye uwezo wa kadi na masharti ya kurudisha. Ukilipa kwa M-Pesa, lipa kwa namba ya till ya duka, si kwa simu ya kijana anayekuhudumia, na utunze ule ujumbe. Kisha ukifika nyumbani, pima kabla ya kuweka chochote. Kwenye laptopu ya Windows tumia programu ya bure inayoitwa H2testw, na kwenye Linux tumia F3. Zote mbili hujaza kadi yote kwa data kisha huisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichorudi. Haiwezekani kufanya hivyo ukiwa umesimama dukani. Kadi ya GB 512 inayoandika MB 80 kwa sekunde inahitaji karibu saa moja na dakika arobaini na tano kuandika tu, na muda unaokaribia huo kusoma. Iache usiku ukilala. Ikitoka hata na kosa moja, irudishe kesho yake asubuhi, usingoje mwisho wa mwezi.

Ikipita mtihani, ichomeke kwenye Deck, uingie kwenye hifadhi na uifomati humo humo. Mfumo utaipa mpangilio wa ext4, ambao Windows haiusomi. Usitishike laptopu ikikwambia kadi ni mbovu, na kwa heshima zako zote usibonyeze pale inapokuomba iifomati.

Na kasi? Gemu kwenye kadi huchelewa kidogo kufunguka ikilinganishwa na SSD. Ukishaingia ndani, kwa gemu nyingi hutaona tofauti.

Kuchagua SSD

Kama umeamua kufungua, unachotafuta ni SSD ya M.2 aina ya NVMe, ukubwa wa 2230. Namba hiyo ni vipimo: upana milimita 22, urefu milimita 30, fupi kuliko kidole cha shahada. Maduka mengi ya laptopu mjini yana 2280, ambayo haiingii hata ukiisukuma vipi. Hata ile ya GB 64 ina kipande chake kwenye tundu hilo hilo, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba toleo dogo halibadilishiki.

Kuna watu waliwahi kupachika diski za 2242 kwa kukunja hiki na kukata kile. Mwaka 2022 Lawrence Yang, mmoja wa wabunifu wa Valve, aliwaonya hadharani: sehemu inayosimamia chaji huwaka moto sana, pedi za kupoza zilizo jirani hazifai kusogezwa, na diski hizo nyingi hula umeme na kutoa joto kuliko kifaa kilivyopangiwa. Ukikutana na video ya jinsi ya kufanya hivyo, itazame kama mchezo wa kuigiza.

Hapa Nairobi una njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza mpya. Ya pili ni kununua iliyotolewa kwenye laptopu za ex-UK, kwa sababu laptopu nyingi za ofisi huja na 2230 ndani. Njia hii ya pili ni halali kabisa na ndiyo niliyotumia, lakini mwombe muuzaji aichomeke kwenye mashine na kufungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima diski, mbele yako. Angalia asilimia ya afya na saa ilizofanya kazi. Afya ya 95 na saa elfu tatu, chukua. Afya ya 60, mwachie mwenyewe.

Kabla hujafungua, nunua pia: bisibisi sahihi, kipande cha plastiki cha kubandulia, flashi ya angalau GB 8, na kitovu cha USB-C chenye tundu za kawaida za USB. Kitovu utakihitaji kuchomeka flashi, na baadaye utakitumia kwenye TV. Deck za LCD, zile za kwanza za 2022, hutumia bisibisi ya msalaba. Za OLED, zilizotoka Novemba 2023, hutumia nyota ya T6. Bisibisi ya elfu moja kasoro yenye vichwa thelathini ni mtego: chuma chake ni laini, na kikiteleza mara mbili juu ya skrubu umebaki na shimo la mviringo.

Kufungua na kubadilisha

Hatua hizi ni za Deck ya LCD. OLED inafanana kwa sehemu kubwa, ila mpangilio wa ndani una tofauti, kwa hiyo tafuta picha za toleo lako ukae nazo kando.

Andaa flashi kwanza, ungali na kifaa kinachofanya kazi. Pakua faili ya kurejesha SteamOS, mfumo unaoendesha kifaa hiki, kutoka tovuti ya Steam, uiandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus ukiwa kwenye Windows au balenaEtcher kwenye mashine nyingine. Hamisha gemu unazozitaka kwenye kadi ili usizipakue upya, na hakikisha gemu zako zimepandisha maendeleo yako kwenye hifadhi ya Steam mtandaoni. Si zote hufanya hivyo. Ukurasa wa gemu dukani Steam utakuambia.

Sasa zima kifaa na utoe memori kadi. Nalisisitiza hilo kwa sababu mimi sikuitoa. Nilikuwa nimekaa mezani na mpwa wangu akinishikia tochi ya simu, skrubu zote ziko kwenye kifuniko cha chupa, nikabandua mgongo, tukasikia mlio mdogo kama wa njugu ikipasuka. "Mjomba, hiyo ni nini?" Ilikuwa kadi yangu ya kwanza, imekatika nusu kwa nusu, kipande kimoja kimebaki tunduni. Kadi hupita kwenye ukingo wa kifuniko cha nyuma, na kifuniko kikitoka kinaivunja. Tundu lilipona kwa bahati. Ile ya droo niliyoisimulia niliinunua wiki iliyofuata.

Betri ishuke hadi chini ya robo. Chomoa chaja. Shikilia kitufe cha kuongeza sauti, bonyeza cha kuwasha, ukisikia mlio achia. Kwenye menyu ingia "Setup Utility", kisha "Power", kisha "Battery Storage Mode", ukubali. Kifaa kitazima na hakitawaka tena hadi ukichomeke kwenye chaja. Hilo ndilo tunalotaka: kisiwake kwa bahati mbaya mkono wako ukiwa ndani.

Kilaze kifudifudi juu ya kitambaa, vijiti vya kuongozea visibanwe. Ondoa skrubu nane. Ni za urefu wa aina mbili, nne nne, na ukichanganya utatoboa plastiki. Chora mgongo wa kifaa kwenye karatasi, kila skrubu uichomeke mahali pake kwenye mchoro. Kifuniko cha chupa ni cha wavivu kama mimi.

Ingiza kipande cha plastiki kwenye mstari wa pembeni, kwenye mshiko wa kulia, uzunguke polepole. Vishikizo vitaachia kimoja kimoja kwa kelele ya kutisha. Ni kawaida.

Ndani utaona bamba la chuma. Kwenye LCD limeshikwa na skrubu tatu, moja ikiwa imefichwa chini ya kipande cha karatasi ya fedha. Banua karatasi hiyo taratibu, utairudisha. Bamba likitoka, kabla hujagusa kitu kingine, chomoa kebo ya betri. Shika kichwa chake au kile kiulimi cha kuvutia, kamwe usivute nyaya.

SSD imeshikwa na skrubu moja. Ukiitoa, diski itajiinua yenyewe kwa pembe. Ivute nje. Utaona imevalishwa soksi ya karatasi ya fedha. Ivue, uivalishe diski mpya. Soksi hiyo huzuia mawimbi ya umeme yasisumbue sehemu nyingine, kwa hiyo usiitupe kwa kudhani ni kanga ya chokoleti. Ingiza diski mpya kwa pembe ile ile hadi vidole vya shaba visionekane, ilaze, rudisha skrubu bila kukaza kwa hasira.

Kwa kuwa umeshafungua, tazama feni. Vumbi la Nairobi miezi ya ukame hujenga nyumba humo. Zuia mapanga ya feni kwa kidole ndipo upulize. Ukiiacha izunguke kwa kasi ya upepo unaweza kuiua.

Rudisha kebo ya betri, bamba, karatasi, kifuniko, skrubu. Kwenye LCD skrubu za nyuma zinajichimbia plastiki, hivyo zungusha kwanza kinyumenyume hadi uhisi imedondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Ukianzisha njia mpya kila mara unapofungua, mara ya tatu hazitashika.

Chomeka chaja ili kifaa kiamke. Kizime, unganisha kitovu chenye flashi, shikilia kitufe cha kupunguza sauti na ubonyeze cha kuwasha. Chagua flashi kwenye orodha. Itachukua muda, kioo kikiwa cheusi, vumilia. Ukifika kwenye dawati, chagua ile ikoni ya kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Kwenye matoleo ya awali imeandikwa "Reimage Steam Deck". Baada ya hapo kifaa kitataka Wi-Fi na masasisho, kwa hiyo usianze kazi hii siku ambayo intaneti ya ploti inasuasua. Ukichomeka kadi yako ya zamani, gemu zilizomo zitaonekana bila kupakuliwa upya. Na kama una laptopu yenye Steam ndani ya nyumba, washa mipangilio ya kuhamisha gemu kupitia mtandao wa nyumbani. Gemu itatoka laptopu hadi Deck bila kugusa bando lako.

Chaja, pawabenki na vingine

Chaja yake ni ya wati 45, ya mfumo wa USB-C PD. Ikija kutoka Marekani ina meno mawili bapa, nasi tunatumia soketi ya meno matatu. Soma maandishi madogo mgongoni: inakubali volti 100 hadi 240. Adapta ya kubadilisha meno inatosha, usiuziwe transfoma. Afadhali pesa hizo uziweke kwenye kizuizi cha mshtuko wa umeme, maana stima ikipotea mtaani kwetu huwa inarudi kwa kishindo.

Chaja ya simu ya wati 18 itachaji kifaa kikiwa kimelala. Ukicheza gemu nzito, itashindwa na betri itaendelea kushuka ingawa alama ya chaji inawaka.

Pawabenki hupimwa kwa hesabu, si kwa namba kubwa ya kwenye boksi. Ya mAh 20,000 ina takriban saa-wati 74, kwa kuwa seli zake ni za volti 3.7. Sehemu hupotea kama joto njiani, unabaki na kama 60. Betri ya Deck ya LCD ni saa-wati 40, ya OLED 50. Kwa hiyo umepata chaji moja na nusu kwa LCD, moja na kidogo kwa OLED. Sharti lake ni itoe wati 45 kwa tundu la USB-C. Iliyoandikwa mAh 50,000 na ni nyepesi kama sabuni, unajua mwenyewe.

Kwa TV, kitovu chenye HDMI na tundu la kupitishia chaji kinafanya kazi sawa na gati (dock) rasmi ya Valve. Kumbuka nacho hula wati kadhaa, kwa hiyo kichaji kwa 60 au zaidi. Hata TV yako ikiwa ya 4K, weka gemu kwenye 1080p au 720p. Kifaa hiki hakina misuli ya zaidi ya hapo kwa gemu nzito. Padi za Bluetooth za PlayStation na Xbox hukubali bila kusumbua.

Kikinga kioo: LCD ni inchi 7, OLED ni 7.4, na havibadilishani. Mfuko mgumu uliokuja nacho ni mzuri, tatizo lake ni kwamba unapaza sauti kwamba ndani mna kitu. Mimi huuweka ndani ya begi la kawaida, na kwenye matatu sichezi nikiwa dirishani. Foleni ya jioni ikisimama pale Globe, mkono wa nje ni mwepesi kuliko wako.

Kama kifaa chako si Steam Deck

ROG Ally ya Asus ya 2023 nayo hutumia 2230. Ally X ya 2024 inachukua 2280, ile inayopatikana kila duka, na hilo pekee linakupunguzia gharama. Legion Go ya kwanza, ya Lenovo, ni ya 2242. Hizi zote zinatumia Windows, na kadi utaifomati kwa NTFS au exFAT. Kwa wenye Ally ya 2023, Asus wenyewe walikiri mwaka huo kwamba kisoma kadi kinaweza kugoma kikipata joto jingi, hivyo kwenye hiyo ningeruka kadi na kwenda moja kwa moja kwenye SSD.

Ile diski uliyoitoa, kama ni NVMe, usiiache kwenye droo. Kuna vikasha vidogo vya USB vya NVMe. Hakikisha kinakubali 2230, pachika diski ndani yake, na umepata flashi ya haraka. Ya GB 64 kama yangu ni eMMC, si NVMe, kwa hiyo haifanyi kazi kwenye vikasha hivyo.